Mshono wa Bibi Kadi

Mimi naitwa Mama Mstari, na jina hilo sikupewa bure. Nitajie neno lolote la Maandiko, nami nitakwambia liko kitabu gani, sura gani, mstari wa ngapi, hata kama nina pini kumi mdomoni na mteja amesimama mbele yangu kavaa gauni nusu. Miaka kumi na moja nimeshinda shindano la Maandiko la kanisa letu. Mfululizo, jamani! Mwaka wa tano watu walianza kunong'ona kwamba nipumzike niwaachie wengine. Nikawaambia kila mtu kapewa kichwa chake, akitumie.

Na mada ya mwaka huu ilikuwa unyenyekevu na kumtumaini Mungu. Najua, najua. Usinicheke kwanza.

Maswali yalikuwa yakitungwa na Bibi Kadi, mwalimu mstaafu, mjane asiye na mtoto. Alikuwa anakata kadi kutoka kwenye maboksi, anaandika swali mbele na jibu nyuma kwa wino wake wa zambarau. Kadi arobaini kila mwaka, hazizidi wala hazipungui. Akimaliza anazitia kwenye mkebe wa biskuti, mkebe anauingiza kwenye mfuko wa kitambaa cheupe, kisha anaushona mdomo wa mfuko kwa mkono. Siku ya shindano Mchungaji anakata uzi mbele ya watu wote. Hiyo ndiyo ilikuwa kufuli yetu, na kwa miaka thelathini hakuna aliyewahi kuigusa. Bibi mwenyewe alikuwa anakaa mbele, kwenye kiti chake cha mbao, na fimbo yake mkononi. Ukijibu sawa anagonga sakafu mara mbili. Ukikosea, mara moja. Hasemi neno.

Bibi alifariki miezi miwili kabla ya shindano. Kadi za mwaka huu alikuwa ameshaziandika, na mfuko ameshaushona.

Aliyemuuguza ni mdogo wangu. Watu wanamwita Kimya, kwa sababu tulipozaliwa mimi nilichukua maneno yote, yeye akabaki na masikio. Miaka mitatu alimgeuza Bibi kitandani, alimwogesha, alimlisha, na akilala analala chumba cha nyuma mlango wazi asikie akiitwa. Nyumba ile Bibi aliliachia kanisa. Wazee wa kanisa walikuwa wakutane siku hiyohiyo ya shindano, saa nane mchana, waamue kama Kimya abaki kuitunza au atoke. Hakuwa na pengine pa kwenda. Mimi na mume wangu tuna chumba kimoja, na nusu ya chumba hicho ni cherehani na vitambaa vya watu.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata mume wangu sikumwambia. Nilikuwa nimeanza kusahau.

Ilianza kidogokidogo. Mteja wangu nambari moja, mama wa siku zote, nikamwita kwa jina la jirani yake. Halafu nikakata shati la mzee mmoja, nikakata mikono miwili, yote ya kushoto. Nikacheka, nikasema uchovu huo. Lakini asubuhi moja nilikuwa nashona huku najisomea zaburi kwa kichwa, kama kawaida yangu, na katikati ya mstari maneno yakaisha. Sikuona hata neno la kushika. Nilikaa pale mguu juu ya kanyagio, cherehani imesimama. Mama Mstari bila mistari ni nani? Fundi tu wa mtaa mwenye mdomo mrefu.

Ningeweza kumwambia Mungu, naye ndiye aliyenipa hicho kichwa. Nilimwambia mambo mengine yote, hilo nikaliruka.

Wiki moja baada ya mazishi, kanisa likaniomba nifupishe mapazia ya nyumba ya Bibi. Kimya alikuwa kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akaniachia ufunguo. Saa tano mchana, jua linawaka dirishani, nikafungua kabati kutafuta pasi. Mfuko mweupe ulikuwa umekaa pale, rafu ya katikati.

Nilipiga moyo konde, nikafumua.

Nilinakili kadi zote arobaini kwenye daftari langu la vipimo, kurasa za nyuma, maswali na majibu. Kisha nikashona tena, na hapo ndipo ufundi uliponiponza. Bibi alikuwa akitetemeka mikono, mshono wake ulikwenda upogo, huku mrefu huku mfupi, kama kuku aliyetembea kwenye matope. Nilijaribu kushona hivyo. Haki ya Mungu, nilijaribu! Mkono ulikataa. Miaka ishirini na mitano nanyoosha mishono ya watu, leo nishone upogo kwa makusudi? Nikamaliza umenyooka, mshono wa kurudi nyuma, na mwisho nikapiga mafundo mawili, kama mama yetu alivyotufundisha mimi na Kimya tukiwa wadogo. Nikajiambia, nani ataangalia uzi?

Nilipokuwa narudisha mfuko kabatini nilisikia kitu kikigonga kwenye chumba cha Bibi. Mara moja. Nikaenda kuangalia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, fimbo imeegemea ukuta. Nikafunga mlango nikaondoka, huku mapazia matatu bado sijayapima.

Siku ya shindano ukumbi ulijaa mapema. Kimya alikuwa ameshafika, amekiweka kile kiti cha mbao mahali pake pa siku zote, na fimbo kailaza juu ya kiti.

"Hiyo fimbo ya nini?" nikamuuliza. "Mwenyewe ameshapumzika."

"Nimeizoea tu, dada," akasema.

Tulikuwa washindani watatu: mimi, Kimya, ambaye hajawahi kushiriki maisha yake yote ila safari hii alisema anamfanyia Bibi heshima, na dereva mmoja wa lori, mtu mcheshi anayejifunza Maandiko kwa redio akiwa safarini. Mchungaji alikata uzi kwa mkasi bila hata kuutazama, akamkabidhi Katibu wa kanisa ule mfuko mtupu, akafungua mkebe. Utaratibu ni kwamba unaingiza mkono, unachomoa kadi bila kuangalia, unampa Mchungaji asome.

Dereva akachomoa. Ni mkuu gani wa jeshi aliyekasirika alipoambiwa akaoge katika mto mdogo? Hiyo nilikuwa nayo, kadi ya nne katika daftari langu.

"Naamani!" Dereva akajibu. "Alitaka mto wenye hadhi yake!"

Watu wakacheka. Na chini ya kicheko nikasikia kitu kikigonga. Ko, ko. Mara mbili.

Nikageuka. Kiti kilikuwa kitupu.

"Mabati hayo," Dereva akaninong'oneza aliponiona nimeshtuka. "Jua likiyapiga yanatanuka. Usiogope, Mama Mstari."

Kimya akachomoa. Yule mtoza ushuru alisimama wapi alipoomba, na macho yake yalikuwa wapi? Kadi ya ishirini na mbili. Kimya akajibu kwa sauti ndogo mpaka nyuma wakalalamika hawasikii: alisimama mbali, na hakuthubutu kuinua macho. Ko, ko.

Zamu yangu. Nikaingiza mkono. Kadi niliyoishika ilikuwa baridi, na zile nyingine hazikuwa hivyo. Nikampa Mchungaji.

"Ni mfalme gani," akasoma, "aliyetembea juu ya nyumba yake akijisifu kwa aliyoyajenga, kisha akala majani kama ng'ombe?"

Niliikodolea macho ile kadi. Si kwamba sikulijua jibu, jibu hilo hata mtoto wa Shule ya Jumapili analo. Ila swali lile sikuwahi kuliona. Kadi arobaini nilizipitia mara tatu tatu kwa siku, karibu miezi miwili, na hilo halikuwamo.

"Nebukadreza," nikasema.

"Sawasawa!" Mchungaji akageuza kadi ahakikishe, kisha akakitazama kidole gumba chake. Kilikuwa na rangi ya zambarau. "Ajabu, wino huu kama umeandikwa leo," akasema, akajipangusa kwa leso.

Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nasubiri, na nikasikia. Ko. Mara moja tu.

Tukaendelea. Wenzangu kila wakichomoa, zinatoka kadi ninazozijua, nambari kwa nambari. Dereva alikosa moja, sauti ikagonga moja. Kimya hakukosa hata moja. Mzunguko wa pili, nikachomoa nyingine yenye baridi.

"Mtu aliyechukua kisichokuwa chake akakificha hemani mwake," Mchungaji akasoma, "alikuwa nani, na ni nani walioumia kabla hajasema?"

Nilimtazama Mchungaji usoni, labda ananitania, labda anajua. Alikuwa ananisubiri tu, na kidole chake cha zambarau.

"Akani," nikasema. "Na wale watu thelathini na sita waliouawa vitani. Hawakujua lolote."

"Sawasawa!"

Ko.

Tulipewa mapumziko ya chai. Sikunywa. Nilijifungia kwenye stoo ya viti nikatoa daftari la vipimo kwenye mkoba, maana nilitaka kuhakikisha sijarukwa na akili. Nikafunua kurasa za nyuma. Nambari kumi na saba: mfalme aliyekula majani. Nambari thelathini na moja: mtu aliyeficha kitu hemani. Yote mawili yalikuwapo, kwa mwandiko wangu mimi, hata ile herufi ninayoikata mkia. Basi niliyaandika na nikayasahau. Ndiyo, nilisahau, ugonjwa umefika huku, nikajiambia, na machozi yakanilengalenga.

Halafu nikasogeza daftari kwenye mwanga wa dirisha. Mimi natumia kalamu ya bluu, ile ile ninayoandikia viuno na mabega ya watu. Maswali thelathini na nane yalikuwa ya bluu. Hayo mawili yalikuwa ya zambarau. Nikayagusa, na kidole changu kikachafuka.

Sijui nilitokaje mle stooni. Nakumbuka tu kwamba nje jua lilikuwa limezama kwenye wingu zito, na ukumbi umekuwa na ubaridi.

Mzunguko wa mwisho Dereva alichanganya manabii wawili akatoka, akainama kama mcheza ngoma, watu wakamshangilia. Tukabaki mimi na Kimya, sare. Nilichomoa kadi yangu nikampa Mchungaji. Alikuwa ndiyo anavaa miwani asome.

"Subiri kidogo, Mchungaji," Katibu akasema.

Muda wote huo Katibu alikuwa ameketi na ule mfuko mtupu magotini, anauchezea kama watu wanavyochezea karatasi kwenye mkutano. Sasa aliuinua juu.

"Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea Bibi barua za kanisa atie sahihi. Mwaka huu wa mwisho herufi zake zilikuwa zinatembea ukurasa mzima. Hebu tazameni huu mshono. Umenyooka kama umepigwa rula. Bibi hakushona huu."

Watu wa mbele wakasimama wautazame.

"Mfuko ulikuwa unakaa wapi?" akauliza.

"Nyumbani kwa Bibi, kabatini," Kimya akajibu.

"Ufunguo alikuwa nao nani?"

"Mimi."

"Na leo hujakosa swali hata moja. Mtu ambaye hajawahi kushindana."

"Nilikuwa namsomea Bibi kila siku," Kimya akasema. "Asubuhi na jioni. Miaka mitatu."

"Ndivyo unavyosema." Katibu si mtu mbaya, ila alikuwa na uchungu, alimpenda yule mama. "Mtu ametunzwa kwenye nyumba ya marehemu, anafungua mfuko wa marehemu. Basi kikao chetu cha saa nane kitakuwa kifupi sana."

Kimya aliomba auone mfuko. Katibu akampa. Akapitisha kidole juu ya uzi uliokatwa, pole pole, tundu kwa tundu, mpaka akafika mwisho, kwenye mafundo mawili. Kidole kikasimama pale. Aliinua macho akanitazama mimi.

Alijua. Tulifundishwa fundo hilo siku moja, mkeka mmoja, mama ametushika mikono. Nilingoja aseme. Nilimwomba kwa macho aseme, anitukane, anitoe mbele ya watu, yaishe! Yeye akaukunja mfuko vizuri, akaurudisha kwa Katibu, akaketi.

Kadi yangu ilikuwa bado mkononi mwa Mchungaji. Nikijibu hiyo moja, Kimya akiwa ameondolewa, nimeshinda mara ya kumi na mbili. Ulimi wangu, ambao haujawahi kunikosa tangu nianze kusema, ulikuwa mzito kinywani. Nikawafikiria wale thelathini na sita. Nikakitazama kiti, na ninakuapia, hapakuwa na mtu, ni ile fimbo tu, lakini nilijua naangaliwa.

"Mshono ni wangu," nikasema.

"Unasemaje?" Katibu akauliza.

"Mshono ni wangu mimi! Nani mwingine humu ndani anashona hivyo? Mnavaa nguo zangu ninyi, tazameni pindo zenu!" Nilikuwa nafoka, kama kwamba wao ndio wenye makosa, maana ndivyo nilivyo nikiogopa. "Niliachiwa ufunguo kwa ajili ya mapazia. Nikafumua, nikanakili yote. Daftari hili hapa. Mdogo wangu hajui chochote. Muacheni kwenye nyumba ile, ndiyo nyumba yake."

"Toba!" mama mmoja akasema nyuma yangu.

"Mama Mstari, wewe?" Dereva akauliza, na hakuwa anatania. "Wewe ulihitaji kuiba nini?"

Hilo ndilo lililonivunja. Nikalia mbele ya watu wote, kamasi na machozi. "Nasahau," nikasema. "Nimeanza kusahau. Niliogopa mkijua nitakuwa si kitu."

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Katibu alisimama, akaenda mpaka alipoketi Kimya, akamwomba msamaha watu wote wakisikia, akasema kikao cha saa nane hakina haja tena, nyumba ina mwenyewe. Mchungaji akavua miwani, akatangaza kwamba shindano limeisha na mshindi anajulikana.

"Bado," Kimya akasema. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake ikifika mpaka ukutani. "Kadi ya dada haijasomwa. Bibi hakuwa anaacha kadi iliyochomolewa bila kusomwa."

Ni kweli, hakuwa anaacha. Mchungaji akavaa miwani tena.

"Taja kwa kichwa," akasoma, "ule mstari unaotuambia tumtumaini Mungu kwa moyo wote, tusizitegemee akili zetu wenyewe."

Pumzi zilimtoka kila mtu, maana hilo ni swali la mtoto. Ndio mstari wa kwanza niliowahi kuujua. Ndio niliomfundisha Kimya, tumelala kitanda kimoja, yeye na miaka minne, mimi na tisa. Nimeudarizi kwenye vitambaa vya meza vya maharusi sijui mara ngapi. Nikafungua kinywa.

Hakikutoka kitu.

Nilitafuta neno la kwanza. Nilitafuta la mwisho. Nilitafuta kitabu, sura. Pale palipokuwa na kila kitu palikuwa peupe, pamefagiliwa. Watu wanaingoja sauti yangu, na mimi nimesimama mikono imening'inia, na ile hofu ya siku zote ikanijia, kisha, sijui nisemeje, ikanipita. Hapakubaki kitu cha kuficha.

"Sijui," nikasema. "Umenitoka. Sijui."

Ko, ko.

Safari hii waliusikia wote. Mtoto mmoja aliacha kulia. Dereva aliinua macho kwenye mabati, kisha akayashusha, maana jua lilikuwa halipo tangu wakati wa chai. Mchungaji aligeuza kadi atazame jibu nyuma, akaitazama sana, akaiweka mezani bila kutusomea. Fimbo ilikuwa palepale juu ya kiti, kama Kimya alivyoilaza.

Mdogo wangu akaja akanishika mkono. Akaanza kuusema ule mstari, taratibu, neno moja moja, ananingoja nilirudie ndipo aseme lingine, kama mimi nilivyokuwa nikimfanyia kitandani. Nikamfuata mpaka mwisho.